Karata za UNO kwenye Meza ya Watu Wengi: Tathmini ya Familia Inayosomesha Watoto Nyumbani

Mchezo wa mezani unaotosha familia kubwa ni adimu kuliko inavyodhaniwa. Michezo mingi hutengenezwa kwa wachezaji wanne, michache hufika sita, na familia yenye watoto wanane, wazazi wawili na bibi anayeishi nao hulazimika kugawanyika, wakubwa upande huu na wadogo upande ule, hata sikukuu iliyokusudiwa kuwakutanisha wote ikageuka kuwa siku ya vyumba viwili. Ninaandika tathmini hii ya karata za UNO nikiwa mzazi katika familia ya namna hiyo, inayosomesha watoto wake nyumbani, ambayo hukesha kila sikukuu kwa shindano la mchezo huu. Hukumu yangu naitoa mapema: sijaona mchezo unaofaa zaidi kwa nyumba yenye watu wengi wa umri mbalimbali, ilimradi kanuni zake zisomwe na kukubaliwa na wote kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Lawama nyingi zinazoelekezwa kwa mchezo huu, kwamba unagombanisha watu na kwamba hauishi, hutokana na kulipuuza sharti hilo.

Kwa asiyeufahamu, pakiti ya kawaida ina karata 108 za rangi nne: nyekundu, njano, kijani na buluu. Kila rangi ina sifuri moja na namba 1 hadi 9 mara mbili mbili, nazo jumla yake ni karata 76. Zipo nyingine 24 zenye amri: ya kumruka mchezaji anayefuata, ya kugeuza mwelekeo wa zamu, na ya kumwokotesha mwenzako karata mbili. Zinazobaki ni nane nyeusi zinazompa mchezaji haki ya kutaja rangi aitakayo, na nne kati ya hizo humwokotesha anayefuata karata nne. Kila mtu hugawiwa karata saba, kisha kwa zamu hutupa moja inayolingana kwa rangi, namba au alama na ile iliyo juu ya rundo. Asiyekuwa nayo huokota. Aliyebakiwa na karata moja hutamka «UNO», na akinyamaza kisha wenzake wakamgundua kabla anayefuata hajaanza kucheza, huokota mbili. Maelezo yote ya msingi yanaweza kutolewa na mtoto wa miaka minane kwa mtoto wa miaka sita bila mtu mzima kuingilia kati, na kwangu hicho ni kipimo kizuri cha mchezo wowote wa familia.

Mchezo wenyewe ulizaliwa ndani ya familia, jambo ambalo naona linaeleza mengi kuhusu tabia yake. Aliyeubuni mwaka 1971 ni Merle Robbins, kinyozi wa mji wa Reading katika jimbo la Ohio, Marekani, na inasimuliwa kwamba chanzo kilikuwa ubishi kati yake na mwanawe, aliyekuwa mwalimu, juu ya kanuni za mchezo mwingine wa karata. Familia ilichangishana dola 8,000 ikachapisha pakiti 5,000 za kwanza, na kinyozi huyo akawa anaziuza katika duka lake mwenyewe la kunyolea. Baadaye haki za mchezo ziliuzwa, na tangu mwaka 1992 zimo mikononi mwa kampuni ya Mattel. Mchezo uliotokana na ubishi wa baba na mwana, ukatengenezwa kwa michango ya nyumba moja, hauwezi kushangaa kuona watu wa nyumba nyingine wakibishana juu yake.

Kanuni rasmi zinaruhusu wachezaji wawili hadi kumi, lakini tathmini nyingi huandikwa na watu wanaocheza wakiwa watatu au wanne, na hapo ndipo zinapokosa kuona kinachotokea meza inapojaa. Mchezo wa watu kumi si ule wa watu wanne uliorefushwa. Ni mchezo mwingine kabisa. Fikiria karata ya kugeuza mwelekeo. Kwa wachezaji watatu ni usumbufu mdogo tu. Kwa wachezaji kumi, mtu amesubiri zamu tisa za wenzake, ameshaichomoa karata yake na kuishika tayari mkononi, halafu jirani aliye kabla yake anageuza mwelekeo, na zamu inarudi ilikotoka kupitia watu wengine wanane kabla ya kumfikia tena. Zamu kumi na saba zimepita bila yeye kucheza hata mara moja. Uso wa mtu huyo, awe baba mwenye ndevu au binti wa miaka kumi, huifanya meza nzima icheke, na uzuri wa kicheko hicho ni kwamba hakuna aliyedhalilishwa: ni bahati imemgeukia, na kila aliyeketi anajua kwamba katika duru ijayo inaweza kumgeukia yeye.

Nasisitiza hili kwa sababu utani katika familia kubwa una hatari yake. Watoto wanaoishi, kusoma, kula na kufanya kazi pamoja kutwa nzima hujuana udhaifu, na mzaha ukikosa pa kushikia hushika mtu: aliyechelewa kusoma, mwenye kigugumizi, aliye mnene. UNO huwapa kitu kingine cha kucheka. Utani wake unahusu matukio ya mezani, kisha unatoka mezani na kuingia katika maisha ya kila siku ukiwa tayari umesafishwa. Nyumbani kwetu mtoto aliyebakiza hesabu moja ya mwisho kwenye daftari hupaza sauti «UNO!», na ndugu zake wote huinua vichwa kutoka kwenye vitabu vyao kumtazama akimalizia. Aliyebakiwa na sahani moja ya kuosha hufanya vivyo hivyo. Mwanangu wa sita, alipoitwa kufagia uani, alimjibu dada yake kwa heshima zote kwamba mwelekeo umegeuzwa na zamu imerudi kwake dada. Dada naye akatafakari kidogo, akasema kwamba ana karata ya kuruka, na kazi ikamwangukia aliyekuwa ameketi katikati yao akinyoa penseli, ambaye hata hakuwa katika mazungumzo. Ufagio ulishikwa na wote watatu huku wakicheka. Sijui somo la maadili ambalo lingewafikisha hapo kwa haraka ile.

Kwa upande wa masomo, mzazi anayefundisha nyumbani atapata katika pakiti hii zaidi ya anavyotarajia, mradi asiugeuze mchezo kuwa mtihani. Faida kubwa zaidi imo katika kuhesabu alama, sehemu ambayo familia nyingi huiacha kabisa. Kwa kanuni rasmi, duru inapokwisha mshindi, yaani aliyemaliza karata zake kwanza, hupewa thamani ya karata zote zilizobaki mikononi mwa wenzake: namba huhesabiwa kama zilivyo, karata za amri ni alama 20 kila moja, na nyeusi ni 50. Anayefikisha 500 kwanza ndiye mshindi wa mchezo. Kwenye meza ya watu kumi, kujumlisha mikono tisa ya karata ni hesabu halisi yenye sababu halisi, na mtoto anayelalamika akipewa safu ya namba kumi za kujumlisha kwenye karatasi hujumlisha ishirini bila kuombwa ikiwa ni za kuthibitisha kwamba kaka yake hajapunjwa, au kwamba hajajiongezea mwenyewe alama asizostahili.

Watoto wakubwa tuliwapa kazi ya kutafuta thamani ya pakiti nzima. Kila rangi ina namba zenye jumla ya 90, hivyo rangi nne ni 360. Karata 24 za amri ni 480. Nyeusi nane ni 400. Jumla kuu ni 1,240. Kutoka hapo maswali yalifuatana yenyewe: kwa nini karata 32 zisizo na namba zina thamani kubwa kuliko 76 zenye namba, na je, ni busara kuishika nyeusi hadi mwisho kwa ajili ya kujiokoa, au kuitoa mapema ili isimnufaishe mwenzako akishinda? Binti yangu wa pili aliyefikia umri wa kujifunza uwezekano alikokotoa kwamba karata za kuokotesha nne ni moja katika kila karata 27, akakataa katakata maneno ya mdogo wake kwamba bibi «huwa nazo daima». Mabishano yao yalimalizika kwa mdogo kuanza kuandika, duru kwa duru, ni nani aliyetoa karata hizo. Hakuna kitabu cha takwimu kilichowahi kumfanya aandike kitu kwa hiari.

Nije sasa kwenye kanuni ninayoiona kuwa kito cha mchezo huu, na ambayo nimekuta watu wengi waliocheza kwa miaka hawaijui. Karata ya kuokotesha nne hairuhusiwi kuchezwa wakati wowote. Anayeitoa anapaswa kuwa hana mkononi karata yoyote ya rangi inayotumika kwa wakati huo. Lakini hakuna anayemwona, hivyo anaweza kudanganya, na anayelengwa ana haki ya kumhoji. Akihojiwa humwonyesha mhoji karata zake. Ikiwa amedanganya, anaokota zile nne yeye mwenyewe. Ikiwa alikuwa mkweli, mhoji anaokota sita badala ya nne. Ni mahakama ndogo yenye hekima kubwa. Mkweli analindwa, mwongo ana la kuhofia, na anayeshuku bila ushahidi hulipa gharama ya shuku yake, gharama ambayo si kubwa kiasi cha kumnyima mtu ujasiri wa kuuliza, wala si ndogo kiasi cha kumfanya ahoji kila kitu.

Katika familia yenye vizazi vitatu kanuni hii huzaa mambo ambayo kwenye meza ya marika hayatokei. Wajukuu waliona haya kumhoji bibi yao. Mtoto aliyelelewa kuwaheshimu wakubwa anajiuliza atawezaje kumwambia bibi kwamba huenda anadanganya, na bibi, ambaye hutupa karata nyeusi kwa utulivu wa mtu anayekunja nguo, alinufaika na adabu hiyo kwa muda mrefu hadi mwenyewe akawaita akawaambia kwamba mezani kila mtu ni mchezaji, na kwamba kuulizwa kwa adabu si kuvunjiwa heshima. Tangu hapo imekuwa desturi yetu kutumia maneno maalumu: «Bibi, samahani, naomba kuona mkono wako.» Naye huonyesha kwa mjukuu mmoja tu, kama kanuni inavyotaka, na mjukuu huyo analazimika kutangaza matokeo kwa sauti. Mara nyingi bibi huwa amesema kweli, na sita zinaokotwa. Watoto wamejifunza kutofautisha kati ya adabu na woga, na jambo hilo ni gumu kulifundisha darasani, iwe ni darasa la shule au la sebuleni.

Kanuni nyingine inayoleta vita ni ile ya kurundika, yaani aliyepigwa na karata ya kuokotesha mbili kuijibu kwa nyingine ili mzigo wa nne uhamie kwa anayefuata, kisha sita, kisha nane. Familia nyingi hucheza hivyo na kuamini kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Mwaka 2019 watengenezaji walieleza hadharani kupitia ukurasa wao rasmi kwamba hairuhusiwi: aliyepigwa huokota na zamu yake hupita. Sisi tulijaribu namna zote mbili. Kurundika kunachekesha sana kwenye meza ndefu, kwa sababu mzigo hukua ukitembea na watu huanza kuusindikiza kwa sauti, lakini mara nyingi huishia kwa mdogo asiye na karata ya kujiokoa, naye hulia. Kwa hiyo tuliwataka watoto wenyewe waandike kanuni za nyumba kama zoezi la uandishi: kila kanuni iwe sentensi kamili, isiyo na maana mbili, na ipigiwe kura. Hati hiyo ya ukurasa mmoja imekaa ndani ya kasha la karata hadi leo. Inasema kwamba kurundika kunaruhusiwa tu katika duru ya mwisho ya mkesha wa sikukuu, na kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hawezi kupokea zaidi ya karata nne kwa mara moja. Ningemshauri mzazi yeyote afanye hivyo siku ya kwanza, kabla ya mchezo wenyewe.

Desturi ya mkesha ilianza kwa sababu ya kawaida sana. Saa za maandalizi ya sikukuu ni ndefu, watu wazima wana mikono iliyojaa, na watoto waliofungiwa masomo hawana la kufanya isipokuwa kuuliza muda. Meza ya karata iliwakusanya mahali pamoja ambapo aliye jikoni anaweza kuwasikia, na mkubwa aliyemaliza kazi yake akaweza kuketi na kugawiwa katika duru inayofuata bila kuvuruga chochote. Hii ni sifa ya kipekee ya UNO kwa siku yenye shughuli nyingi: duru ni fupi, mtu anaingia na kutoka, na alama zinamsubiri kwenye daftari. Kadiri miaka ilivyopita daftari hilo limekuwa kumbukumbu ya familia. Lina mwandiko wa kifungua mimba alipokuwa bado anaandika namba 5 kinyume, na lina ukurasa ambao kitinda mimba, asiyejua kusoma wakati huo, alijichorea ushindi.

Mshindi wa mkesha hupewa madaraka ya kupanga zamu za kazi za asubuhi ya sikukuu, kwa sharti kwamba hawezi kujiondoa mwenyewe. Mwaka ambao mwanangu wa tano alishinda, alimpangia baba yake kuosha vyombo vyote tangu alfajiri, akamteua kaka yake mkubwa kuwa msimamizi. Baba aliosha. Alikaguliwa, akarudishiwa sufuria mbili, akaziosha tena. Watoto wanaisimulia habari hiyo kila sikukuu, ikiongezewa sufuria kila mwaka, na baba huiacha iongezeke.

Mapungufu yapo. La kwanza ni ukomo wa watu kumi, ambao unatubana sisi kumi na mmoja. Wachezaji kumi wakigawiwa saba saba, karata 70 zimeondoka, moja imefunuliwa, na rundo la kuokota limebaki na 37 tu. Rundo hilo huisha upesi na mchezo husimama ili zilizotupwa zichanganywe upya. Tumetatua hilo kwa kumkalisha kitinda mimba pamoja na bibi wakishika mkono mmoja wa karata, suluhisho ambalo wote wawili wanalipenda kuliko kucheza kila mtu peke yake. La pili ni mikono midogo. Mtoto wa miaka sita hawezi kushika karata kumi na mbili mkononi bila kuzionyesha au kuziangusha, na kipande cha ubao chenye mfereji wa kusimamishia karata, ambacho mtoto mkubwa anaweza kukitengeneza, kinamwondolea aibu hiyo. La tatu ni kwamba kanuni ya ushindi wa 500 inachosha meza ikiwa imejaa wadogo. Karatasi ya maelekezo inatoa njia mbadala: kila mmoja aandikiwe alama za karata alizobakiwa nazo, na mmoja anapofika 500, mwenye alama chache zaidi ndiye mshindi. Njia hiyo ni bora kwa familia, kwani hata aliyeshindwa duru zote ana sababu ya kuzitupa karata zake kubwa mapema.

Kuhusu rangi, mchezo unaotegemea nyekundu na kijani unamtenga asiyezitofautisha, na katika familia kubwa uwezekano wa kuwa na mtu wa namna hiyo si mdogo. Tangu mwaka 2017 kuna toleo lenye alama za ColorADD, mfumo uliobuniwa na msanifu wa Ureno Miguel Neiva, ambapo kila rangi ina umbo lake dogo lililochapwa kwenye karata. Mwaka 2019 lilitoka pia toleo la maandishi ya nukta nundu kwa wasioona. Ningenunua lile la ColorADD hata kama hakuna anayelihitaji nyumbani, kwa sababu wageni wa sikukuu hawaji na taarifa za macho yao.

Yapo matoleo mengine mengi, yenye mashine za kurusha karata na kanuni za ziada. Kwa meza ya watu wengi siyapendekezi, maana kelele tayari ipo. Pakiti mpya za kawaida mara nyingi huwa na karata 112, nyeusi nne zikiwa zimeongezwa, tatu kati yake zikiwa tupu ili familia iandike amri zake yenyewe. Hizo tupu zina thamani kubwa kuliko mashine yoyote. Moja ya kwetu imeandikwa kwamba aliyelengwa asimulie jambo la kuchekesha lililompata wiki hiyo, na wanaokaa meza nzima ndio wanaoamua kama limechekesha vya kutosha kumwepusha na kuokota karata mbili.

Familia inayokaribia au kuzidi watu kumi ninaishauri inunue pakiti mbili na kuzichanganya, jambo linalotoa karata 216 na rundo la kuokota lisiloisha katikati ya duru. Zinunuliwe kwa wakati mmoja na za toleo moja, kwani migongo ikitofautiana hata kidogo, watoto wataijua kabla ya duru ya pili na kila mtu atajua kilichomo mkononi mwa mwenzake.